Nahodha wa kokoto kumi

Msafiri wa Mombasa aendaye Nairobi kwa basi huupita mji wa Sultan Hamud akiwa amesinzia. Mtito Andei ameshaipita, joto limemchosha, na mji wenyewe si mkubwa: maduka yaliyojipanga kandokando ya barabara kuu, stesheni kuukuu ya reli, akina mama wenye machungwa na maembe, malori yaliyoegeshwa, na Wamaasai waliovuka kutoka upande wa Kajiado. Akifumbua macho, pengine atajiuliza jina hili la kisultani limefikaje huku Ukambani, mbali na bahari.

Jawabu tunalo sisi watu wa pwani. Sayyid Hamud bin Mohammed ndiye aliyetawala Unguja tangu mwaka 1896 hadi alipofariki mwaka 1902. Reli ya kutoka Mombasa ilipokuwa ikijengwa, husimuliwa kwamba alikuja kuitazama kazi ilipofikia, na mahali hapo pakabaki na jina lake. Basi mji huu wa Kaunti ya Makueni ni kama jamaa yetu aliyehamia bara zamani, akasahau njia ya kurudi.

Mimi nami niliupita hivyo hivyo miaka nenda miaka rudi. Lakini safari moja niliteremka, nikahudhuria kiwanjani Jumamosi mbili, na niliyoyaona huko yalinikumbusha jambo la nyumbani kwetu ambalo kwa zaidi ya miaka hamsini sikupata kulisema mbele za watu. Leo nataka kulisema.

MLINZI WA MAKUBADHI

Nilizaliwa Mji wa Kale, Mombasa. Nyumbani tulikuwa watoto sita, na wa nne alikuwa ndugu yangu ambaye sitamtaja jina, Mungu amrehemu. Alichelewa kutembea, akachelewa kusema, na alipofika umri wa kupelekwa chuoni alikuwa hajui kuhesabu vidole vyake mwenyewe. Watoto wa mtaani walimwita zuzu. Watu wazima, waliojiona wana adabu zaidi, walimwita taahira.

Baba yetu alimpenda kwa moyo wake wote, naye alikuwa na maneno yake: "Huyu kalamu imeondolewa juu yake." Wasomaji wengi wanaijua asili ya maneno hayo. Ni mafundisho ya kwamba haandikiwi makosa aliyelala mpaka aamke, wala mtoto mpaka abaleghe, wala asiye na akili mpaka apate akili. Ni rehema kubwa. Lakini nyumbani kwetu rehema ile tuliigeuza ikawa ukuta. Iliondolewa kalamu ya makosa, nasi tukaongeza kuondoa kalamu ya masomo, ya kazi, ya safari na ya mchezo. Hakutakiwa kufanya lolote, na kwa hiyo hakufundishwa lolote. Wageni walipokuja, alipelekwa uani.

Jioni tulikuwa tukicheza mpira wa matambara katika kiwanja kilicho karibu na Ngome ya Yesu. Alitufuata kila siku, nasi tukampa kazi moja: akae ukutani alinde makubadhi yetu. Wachezaji ishirini, jozi ishirini za makubadhi, na kwa miaka yote ile hakupotea hata mguu mmoja. Tulisema ana bahati. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza mtu asiyejua kuhesabu amejuaje kila jozi na mwenyewe. Alifariki akiwa amepita kidogo miaka thelathini, na sikumbuki kwamba alipata kuugusa mpira ule isipokuwa ulipotoka nje, naye akaurudisha kwa mikono miwili, akicheka.

KIWANJA CHA VUMBI JEKUNDU

Aliyeniteremsha Sultan Hamud ni mwalimu mmoja mstaafu. Ni Mkamba aliyefundisha Mombasa miaka mingi, na Kiswahili chake mpaka leo kina chumvi ya bahari. Alipostaafu alirudi kwao, akaanza kazi isiyo na mshahara: kila Jumamosi asubuhi huwafundisha michezo vijana wenye ulemavu wa akili.

Kiwanja chenyewe ni cha vumbi jekundu, na mistari yake huchorwa kwa majivu ya jikoni. Vifaa ni mipira miwili, filimbi moja, kamba ya kumalizia mbio, madumu ya maji na kisanduku cha dawa za vidonda. Wanaomsaidia pia hawalipwi: wasichana wawili wa shule ya sekondari, kijana mmoja mwenye bodaboda, na mama mmoja mshoni ambaye mwanawe wa miaka tisa ni miongoni mwa wanamichezo.

Mimi nilikwenda kutazama tu. Nilivaa kanzu na kofia, mkononi nina mwavuli, nikatafuta kivuli chini ya mgunga. Mwalimu alinitazama akacheka. "Bwana, hapa hatuna watazamaji," akasema. "Weka mwavuli, shika kamba hii."

Wanamichezo walikuwa kumi, wa chini miaka tisa na wa juu kama ishirini na miwili. Huyo wa juu alikuwa kijana mrefu mwenye fulana ya buluu iliyopauka. Wenzake humwita Kapteni, na mimi kwa mazoea ya pwani nikamwita Nahodha. Kila mwenzake alipofika na kumpa mkono, Nahodha alitoa kokoto moja mfukoni akaitia katika kopo la majani ya chai. Kokoto ya kumi ilipoingia, akalitikisa kopo, akamwashiria mwalimu kwamba kazi inaweza kuanza.

Halafu akasimama mbele yao kuwaongoza kunyoosha viungo. Alihesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, tano. Msichana mmoja wa sekondari alifungua kinywa amsahihishe, mwalimu akamtikisia kichwa. Baadaye alitueleza: "Viungo vinanyooka hata bila ya nne. Mkimsahihisha mbele ya watu wake, kesho hatasimama. Nne yake nitamfundisha sisi wawili tukiwa peke yetu."

Nikamwuliza habari za kokoto. Akaniambia kijana yule hesabu za maneno zinamponyoka, lakini kitu kwa kitu hakosei. Kokoto moja ni mtu mmoja. Kokoto ikibaki mfukoni, mtu hayupo. Kazi ya kuhesabu wenzake ilikuwa ya mwalimu hapo kwanza. Kijana aliitaka mwenyewe, na mwalimu akatafuta njia ya kumwezesha.

KUJITOLEA KUNA ELIMU YAKE

Nilidhani kujitolea ni moyo tu. Mwalimu alinipa daftari nilisome kwanza. Ndani yake kila mwanamichezo ana ukurasa: anapenda nini, anaogopa nini, anatumia dawa gani, nani wa kuitwa akiugua.

Wapo waliozaliwa na hali iitwayo Down, inayotokana na kromosomu moja ya ziada. Karibu nusu ya watoto wa namna hii huzaliwa na kasoro ya moyo, na baadhi yao viungo vya juu ya shingo huwa vimelegea. Basi mtoto kama huyo hapindui sarakasi wala hapigi mbizi ya kichwa mpaka daktari amempima. Mtu mwenye moyo mwema asiyejua hilo anaweza kumvunja mtoto shingo huku anamchekesha.

Wapo pia wenye kifafa. Huyu haachwi peke yake karibu na maji. Akianguka, huondolewa vitu vya kumwumiza na kuwekewa kitu laini chini ya kichwa. Mshtuko ukipungua hulazwa ubavu. Hatiwi kijiko mdomoni, hanusishwi kiatu, wala hakandamizwi. Mshtuko ukizidi dakika tano, hupelekwa hospitali.

Kisha kuna namna ya kufundisha. Amri moja kwa wakati mmoja. Usiseme "kimbia mpaka kule, zunguka jiwe, urudi ukae". Sema "kimbia", na akifika, ndipo useme la pili. Onyesha kwa mwili kabla ya kueleza kwa maneno. Mpangilio wa kazi usibadilike ovyo, kwani kijana ajuaye kinachofuata hatishiki. Na ukimwuliza swali, ngoja. Jibu lake liko njiani.

Kungoja ndiko kulikonishinda. Jumamosi ile ya kwanza tulikuwa na mbio za mita 50. Binti mmoja wa miaka kumi na miwili hivi alianza vizuri, akafika katikati akasimama, akawa anawatazama ndege mtini. Wenzake walikwisha maliza. Huruma ikanishika, nikamwachia mwenzangu kamba, nikakunja kanzu, nikaenda kumshika mkono na kumvuta mpaka mwisho. Watu wa kandoni wakapiga makofi. Binti hakucheka, aliuangalia mkono wake niliokuwa nimeushika.

Mwalimu akanijia taratibu. "Hongera, Bwana," akasema. "Umri wako si haba, lakini umeshinda. Sasa mpe naye nafasi yake." Akamrudisha binti mahali pale pale aliposimama, yeye mwenyewe akaja mwisho, akachutama, akaliita jina lake mara moja tu. Tukangoja. Nadhani ilipita dakika nzima, na dakika moja kiwanjani ni ndefu. Ndipo binti akaanza kutembea, halafu kukimbia, akaipita kamba na kuiburura nyuma yake kiwanja kizima, akipiga vigelegele.

KULIKOANZIA

Michezo ya namna hii ina historia, nayo pia ilianzia katika nyumba iliyokuwa na siri. Joseph Kennedy wa Marekani, baba wa Rais John Kennedy, alikuwa na binti jina lake Rosemary aliyekuwa mzito wa kujifunza. Mwaka 1941, binti akiwa na miaka 23, baba aliidhinisha apasuliwe ubongo. Upasuaji ule ulimharibu: hakuweza tena kutembea wala kusema sawasawa, akawekwa mbali na watu kwa miaka mingi.

Dada yake Eunice, aliyeolewa na Bwana Shriver, hakulisahau jambo hilo. Mwaka 1962 aliandika habari za Rosemary katika gazeti, watu wote wakasoma. Mwaka huo huo akafungua kambi ya michezo kwa watoto wenye ulemavu wa akili katika uwanja wa nyumba yake huko Maryland. Tarehe 20 Julai 1968, katika uwanja wa Soldier Field mjini Chicago, yakafanyika mashindano ya kwanza ya Special Olympics, yenye wanamichezo wapatao 1,000 wa Marekani na Kanada. Leo mpango huo umeenea duniani, na Kenya na Tanzania zote zina matawi yake. Mwezi Machi mwaka 2019 mashindano ya dunia yalifanyika Abu Dhabi, mara ya kwanza katika Mashariki ya Kati, na wanamichezo wapatao 7,000 walihudhuria. Wengi wetu tuna jamaa katika nchi hizo za Ghuba. Huko Emirati, tangu mwaka 2017, serikali imetaka watu wenye ulemavu waitwe kwa Kiarabu watu wa hima. Neno hima hatuhitaji kulitafsiri. Tunalo katika Kiswahili.

Sheria za michezo hii zimefikiriwa vyema. Mwenye kushindana sharti awe ametimiza miaka minane. Wanamichezo hugawanywa kwanza kwa jinsia, kwa umri na kwa uwezo, na uwezo hupimwa kwa mbio za majaribio. Kila kundi huwa na washindani watatu mpaka wanane, na mwongozo wa kawaida ni kwamba tofauti baina ya aliye bora na aliye dhaifu katika kundi isipite kadiri ya asilimia 15. Kwa hiyo kila mbio huwa ni mbio za kweli, na mwenda pole naye ana mtu wa kushindana naye. Watatu wa mwanzo hupata medali, na wa nne mpaka wa nane hupata utepe.

Kuna pia timu za mchanganyiko, wenye ulemavu wa akili pamoja na wasio nao. Katika kandanda ya watu saba, wanne huwa wenye ulemavu na watatu wenzi wao. Katika ya watu watano, huwa watatu kwa wawili. Wenzi hawakuja kufunga mabao yote. Timu ambayo mwenzi mmoja anacheza peke yake hukosolewa na waamuzi, hata ikiwa inaongoza.

VIONGOZI WALIOKULA HAKI YA WENGINE

Isidhaniwe kwamba kila aliyeongoza michezo hii aliwaongoza wenyewe kwa haki. Mwaka 2000, katika Michezo ya Paralimpiki ya Sydney, timu ya mpira wa kikapu ya Uhispania ilishinda medali ya dhahabu katika kundi la wenye ulemavu wa akili. Baadaye mchezaji mmoja, Carlos Ribagorda, ambaye kumbe alikuwa mwandishi wa habari, alifichua kwamba katika wachezaji 12, wachezaji 10 hawakuwa na ulemavu wowote. Viongozi walikuwa wamewatafuta watu wazima wa akili kamili ili walete medali na fedha.

Medali zilirudishwa. Lakini adhabu ilimwangukia nani? Wanamichezo wenye ulemavu wa akili wa dunia nzima walifungiwa nje ya Paralimpiki ya mwaka 2004 na ya mwaka 2008, mpaka waliporuhusiwa tena mjini London mwaka 2012. Wenye akili walifanya hila, na wasiojua hila wakalipa kwa zaidi ya miaka kumi. Hayo hutokea pale viongozi wote wanapokuwa watu wa nje na mwenye mchezo hana kiti mezani.

Ndiyo maana siku hizi katika Special Olympics wanamichezo wenyewe hufunzwa uongozi: wengine huwa makocha, wengine waamuzi, wengine wasemaji mbele ya hadhara, na wengine wajumbe wa bodi. Anayejulikana zaidi ni Loretta Claiborne wa mji wa York, Pennsylvania, aliyezaliwa mwaka 1953. Utotoni alichelewa kutembea na kusema, na macho yake hayakuwa mazima. Akawa mkimbiaji wa marathoni, mwaka 1996 akatunukiwa tuzo ya ujasiri yenye jina la Arthur Ashe, na akaingia katika bodi ya dunia ya michezo hiyo hiyo. Mdharau biu hubiuka yeye.

Hapa Kenya sheria nayo imesema. Kifungu cha 54 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na ya kuitwa kwa jina lisilomdhalilisha, na kinataka hatua kwa hatua wafike asilimia 5 katika vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa. Zuzu, kwa maana hiyo, ni neno linalovunja Katiba.

JUMAMOSI YA PILI

Nilirudi Sultan Hamud baada ya wiki mbili, safari hii nimevaa suruali. Mwalimu akanipa kazi ya geti. Kiwanja kile hakiko mbali na barabara kuu, na malori ya Mombasa hupita usiku na mchana.

Mama mshoni alisimama nami kidogo akanieleza habari za mwanawe. Zamani alikuwa akienda sokoni humfungia ndani, kwa kuwa mtoto anapenda magari na hana hofu nayo. Majirani walimsema ni mama mkatili. "Mwalimu," akaniambia, kwani huko kila mtu mzima wa kiwanjani ni mwalimu, "mimi sikumfungia kwa aibu. Nilimfungia kwa ajili ya barabara." Miezi minane mwalimu alimbembeleza mpaka akamleta mtoto, kwa sharti kwamba geti liwe na mtu.

Na mtu huyo asubuhi ile nilikuwa mimi. Saa nne jua lilikuwa limekwisha kuwa kali, mwalimu akapuliza filimbi watu wakanywe maji. Muuza machungwa akaja getini, tukaamkuana, nikageuka kutafuta sarafu. Haikupita muda mrefu. Nilipogeuka tena, wasichana walikuwa wanawapanga vijana kwa mbio za kupokezana vijiti, na mimi nikapaza sauti waanze upesi kabla jua halijatuunguza.

Nahodha hakuanza. Alikuwa anatoa kokoto katika kopo na kuzirudisha mfukoni, moja baada ya moja, akimgusa begani kila mwenzake. Nikasema tena, kwa ukali kidogo, kwamba tunachelewa. Hakunitazama. Akaniletea kopo, akalitikisa. Ndani mlikuwa na kokoto moja.

Nilielewa kabla ya mama mshoni kuelewa, na sitaki tena kuuona uso kama ule aliokuwa nao alipoelewa. Kijana wa bodaboda alishatoka mbio. Mtoto alionekana nje ya ua, hatua kama thelathini kutoka ukingo wa lami, amesimama akipungia malori mkono. Alikuwa na furaha tele, hana habari. Kijana wa bodaboda akamwita jina lake mara moja, kama tulivyofundishwa, akamnyoshea mkono akangoja, na mtoto akaja.

Mama hakunilaumu. Alimkumbatia mwanawe muda mrefu, kisha akamwendea Nahodha akamshika mikono yote miwili. Nahodha akatoa mkono mmoja, akachukua ile kokoto ya kumi akaitia mfukoni, ndipo akasema: "Sasa." Mbio zikaanza.

Mwalimu naye hakunigombeza. Aliniambia neno moja jioni tukinywa chai. "Unaona? Wewe ulimhesabu kama mtoto wa kulindwa. Naye ndiye aliyekuwa analinda."

TUCHUKUE NINI SISI

Ndani ya basi la kurudi Mombasa nilimfikiria ndugu yangu njia nzima. Jozi ishirini za makubadhi, kila jozi na mwenyewe. Kumbe ilikuwa hesabu ile ile ya kokoto. Alikuwa na jicho la kuona nani amekuja, nani ameondoka na nani bado, na katika timu yoyote duniani mtu wa jicho hilo ana kazi ya maana. Sisi tulimwachia viatu.

Baba hakuwa mtu mbaya, na kwa kalamu alisema kweli. Lakini kuna habari nyingine iliyopokewa katika mkusanyo wa Imamu Muslim, nasi hatukuikumbuka. Mwanamke mmoja wa Madina, ambaye akili yake ilikuwa na kitu, alimwendea Mtume (S.A.W.) akamwambia ana haja naye. Mtume hakumwambia aje na walii wake, wala hakumpa sarafu aende zake. Alimwambia achague njia yoyote ya mji aipendayo, naye atasimama naye huko mpaka amtimizie haja. Angalia, msomaji, mambo mawili hapo: yeye ndiye aliyechagua njia, na mkubwa ndiye aliyengoja. Mwalimu wangu wa Sultan Hamud si Mwislamu, lakini nilipomsimulia habari hiyo alinyamaza kidogo, kisha akaomba nimwandikie katika daftari.

Viwanja tunavyo pwani, na vijana wa kujitolea wanapatikana. Kilichobaki ni mlango wa uani. Wapo akina mama mtaani kwako waliofunga mlango huo kwa aibu, na wapo waliofunga kwa ajili ya barabara, na hawa wa pili hawatashawishika kwa hotuba. Wape mtu wa kusimama getini asiyegeuka. Kama unataka kuwa mtu huyo, anza na Jumamosi moja. Soma daftari kwanza. Usimvute mtu mkono. Na atakapokuja anayetaka kukusaidia kazi yako, usimwambie akae, tafuta kokoto.

Mwezi uliopita, katika kiwanja kile kile cha utoto wetu, nilimkuta kijana mmoja ameketi ukutani, viatu vya wenzake vimepangwa miguuni pake. Nilikaa karibu naye. Nikamwuliza kama anapenda kucheza. Hakujibu, nami nikakumbuka kungoja. Mpira ulitoka nje mara mbili, akaurudisha mara mbili. Muda mrefu baadaye akaniangalia, akasema, "Kipa."

Nikaenda kuzungumza na wenzake. Viatu nikavilinda mimi.